Namna ya Kuwa Delege Bila Kumsumbua Mtu

Hongera, ndugu yangu. Kura zimehesabiwa, jina lako limebandikwa ukutani kwenye kantini, na tangu asubuhi hata wale waliokuwa wakikuita kwa jina la utotoni wanakuita Papa Delege. Mgodi upi, si neno. Iwe Mashamba, Mutoshi au kule Fungurume, kazi ni ileile: wenzako wa shimoni na wa karakana wamekuchagua uwasemee juu ya kontra zao za kazi, mshahara, saa za kazi na usalama wao.

Tulia. Kuchaguliwa ni jambo moja, kusema ni jingine. Wengi wamekalia kiti hicho kabla yako, wakamaliza muda wao wamenenepa, wakapanda cheo, wakaagwa kwa kreti za bia ya Simba, na hakuna hata mtu mmoja aliyeona kontra yake ikibadilika. Hiyo haikuwa bahati. Ni ufundi, na ufundi hufundishwa. Fuata hatua hizi, wala usiruke hata moja.

Hatua ya 1: Isome sheria yote, halafu ifungie kabatini

Watu hudhani delege mvivu hana haja ya kusoma. Wanakosea. Asiyeijua sheria anaweza siku moja kuitekeleza kwa bahati mbaya. Wewe isome Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002, pamoja na marekebisho yake ya 2016, penseli mkononi. Utakuta siku ya kazi isizidi saa 9 na juma lisizidi saa 45. Utakuta saa sita za kwanza za ziada katika juma zinaongezewa asilimia 30, zinazofuata asilimia 60, na kazi ya siku ya mapumziko asilimia 100. Utakuta kontra inatakiwa iandikwe, isipokuwa ya kibarua wa kutwa, na isiyoandikwa inahesabiwa kuwa ya kudumu mpaka ithibitishwe vingine. Kontra yenye tarehe ya mwisho haipiti miaka miwili, na hairudiwi zaidi ya mara moja.

Uzuri wa sheria hii ndio hatari yake. Kijana anayefanya zamu ya saa 12 nzima akiisoma vizuri leo, kesho anakuja na kalamu. Kwa hiyo nakala ya sendika, chama chenu cha wafanyakazi, iwe moja, ikae kabatini, na ufunguo uwe kwenye suruali ile nyingine. Ukiulizwa swali, kunja uso, tazama dari, sema: "Hilo ni la kisheria, lina vipengele vingi." Hakuna anayeuliza ni vipengele vipi. Mtu aliyetoka zamu ya usiku anataka kulala.

Hatua ya 2: Ufurahie ulinzi wako

Kuna kifungu utakachokipenda kuliko vyote: kampuni haiwezi kumfukuza delege kabla inspekta wa kazi hajakubali. Waliokitunga walitaka uwe na moyo wa kumwambia mkubwa maneno machungu bila kuogopa kukosa bukari jioni. Nia njema hiyo, usiipoteze bure. Utumie ulinzi huo kwa jambo lenye faida, yaani kuchelewa.

Ingia saa 3 wakati wenzako wameingia saa 12. Mkuu wa zamu akikutazama, mwonyeshe folda. Nunua kubwa, ya ngozi ya kuigiza, yenye zipu inayosikika mbali. Ndani tia gazeti la zamani, kalamu mbili na barua yoyote yenye muhuri. Usipite mahali bila folda, hata chooni. Ukikutana na mfanyakazi njiani, usimpe nafasi ya kuanza, anza wewe: "Natoka kwenye mambo yenu." Sema hivyo hata kama unatoka kunywa chai, maana chai yenyewe umeinywa kwa niaba yao.

Hatua ya 3: Hesabu mpaka 21, ukome hapo

Atakayekupa taabu zaidi ni kibarua wa kutwa, jurnalie, kwa sababu sheria imemwandikia hesabu nyepesi mno. Akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kazini kabla miezi hiyo miwili haijaisha, ajira yake inahesabiwa kuwa ya kudumu. Siku 22 tu. Hahitaji wakili. Vidole vya mikono, vya miguu na masikio mawili vinamtosha.

Kampuni nazo zina watu waliosoma. Siku ya 21 jurnalie anaambiwa mashine imeharibika, arudi kwao mtaa wa Kapata akapumzike, ataitwa. Na kweli anaitwa, baada ya siku chache, kwa jina la kampuni nyingine. Lango ni lilelile, kapita anayewasimamia ni yuleyule, kofia ngumu ni ileile yenye ufa pembeni; mpya ni stika iliyobandikwa mbele. Kwa mujibu wa stika, leo ndiyo siku yake ya kwanza kazini. Wapo walioanza kazi kwa mara ya kwanza mara sita.

Hapo kazi yako ni kutoiona stika. Jurnalie akija ofisini mwako mpokee, mpe kiti, muulize hali ya watoto, kisha tia swali moja: "Una karatasi?" Hana. Hulipwa mkononi, dirishani, kwenye bahasha isiyo na jina. Mwambie kwa sauti ya huzuni: "Nisaidie nikusaidie, mdogo wangu. Lete ushahidi." Ataondoka akijilaumu mwenyewe, na utaona raha ya kazi hii.

Ila usimwambie kilichomo kabatini: kwamba sheria haimdai kibarua wa kutwa kontra ya kuandikwa, kwamba hesabu ya siku zake ndiyo karatasi yake. Neno hilo likitoka nje ya mlango wako, foleni itafika barabarani.

Hatua ya 4: Wasemee wenye kizibao cha rangi yako

Mgodini mtu hujulikana kwa kizibao. Wenye kizibao cha kampuni mama wana basi lao, kliniki yao na delege wao, ambaye ni wewe. Wenye vizibao vya rangi nyingine ni wa kampuni za ukandarasi. Wanameza vumbi lilelile, wanashuka shimo lilelile, lakini hawakukupigia kura.

Usidhani ni wachache. Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza pamoja na CAJJ la hapa Kongo yalichunguza migodi mitano mikubwa ya kobalti, yakakuta asilimia 57 ya wafanyakazi wameajiriwa kupitia wakandarasi. Mtu mwingine angesoma hapo habari ya kuhuzunisha. Wewe soma vizuri: zaidi ya nusu ya watu wa mgodi hawakuhusu.

Mmoja wao akikushika mkono, mwelekeze kwa delege wa kampuni yake. Akisema kampuni yake haina delege, mwelekeze kwa mwajiri wake. Akisema mwajiri wake ana ofisi ya chumba kimoja mjini na mlango una kufuli, mpe pole na umsifu kwa uvumilivu. Umemhudumia mara tatu bila kuinuka kitini.

Sasa sogea nikunong'oneze. Tangu sheria ya tarehe 8 Februari 2017, kazi za ukandarasi zimetengewa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji ni ya Wakongo. Wewe ni Mkongo. Shemeji yako naye ni Mkongo, tena amekaa tu nyumbani. Kampuni ya kufagia ofisi au kuleta vibarua wa kupakia haidai mtaji mkubwa. Ukiwatetea wafanyakazi asubuhi na kuwaajiri jioni kwa jina la shemeji, utakuwa mtu pekee mgodini anayezielewa pande zote mbili. Mkono mtupu haulambwi.

Hatua ya 5: Tafsiri kwa upendo

Mkurugenzi anaongea Kifaransa, au Kiingereza, au Kichina chenye mkalimani. Kontra zimeandikwa Kifaransa. Shimoni watu wanasema Swahili. Katikati ya pande hizo umesimama wewe, na hakuna anayekukagua. Hii ni baraka, itumie.

Mkurugenzi akisema, "Bei ya kobalti imeanguka, mwaka huu hakuna nyongeza," tafsiri: "Amekisikia kilio chenu."

Akisema, "Saa za zamu hazijadiliwi," tafsiri: "Jambo la zamu liko mezani."

Akisema, "Huyu naye ni nani?" tafsiri: "Anawasalimu sana."

Na upande wa pili vilevile. Watu wakisema wamechoka, maji ya kunywa ni ya moto, basi linawaacha njiani na mshahara wa saa za ziada hauonekani, mgeukie mkurugenzi useme wanashukuru kwa kazi, ila wana maoni madogo. Kila upande utakupenda, kwa sababu kila upande umesikia kutoka kwako jambo ambalo upande wa pili haukulisema.

Kisha kuna PV, yaani muhtasari wa kikao. Kikao kisicho na PV hakikufanyika, kwa hiyo andika. Mbele ya kila jambo weka maneno haya: "Hoja imepokelewa, inafanyiwa kazi." Mwaka unaofuata badilisha tarehe. Saini yako iwe ndefu, yenye mikia miwili, ijaze nafasi ambayo mtu angeweza kuandika lini na nani.

Na kontra mpya zikiletwa zisainiwe, shauri zigawanywe jioni ya siku ya mshahara. Hakuna anayesoma kurasa nane za Kifaransa huku mkewe anamngoja na orodha ya madeni. Mwonyeshe kwa kidole mahali pa kusaini, mpigepige begani, mwite "papa".

Hatua ya 6: Ingia kamati, uchague neno la tatu

Sheria yetu imeunda mahali pa kazi kamati ya usalama, usafi na upambaji. Si mzaha wangu. Upambaji umo ndani ya jina lenyewe. Kazi tatu, basi. Usalama unagombanisha watu. Usafi unanuka. Chagua upambaji.

Ingia kamati hiyo kwa bidii yote. Agiza mawe ya kando ya njia yapakwe chokaa. Otesha maua langoni, mahali gari la wageni linaposimama. Barakoa nzuri za vumbi zinahitaji kununuliwa kila mara, na mhasibu atakununia. Ua linanunuliwa mara moja, na likikauka ni kosa la jua. Wageni kutoka Ulaya wanaokuja kuuliza habari za kobalti safi hupiga picha maua. Sijasikia aliyepiga picha pafu.

Weka pia ubao wa siku zilizopita bila ajali, na uulinde. Mtu akivunjika mguu, tazama kwanza kizibao chake. Kama ni cha ukandarasi, ajali hiyo ni ya kampuni yake, na ubao wako unaendelea kupanda. Ukishazoea, utaweza kupita karibu na mtu aliyelala kwenye machela ukiwa unampongeza mkuu wa usalama.

Kumbuka pia somo la 2020. Korona ilipoingia, kuna migodi ya huku iliyowaweka wafanyakazi ndani kwa majuma mengi, wasirudi kwa wake na watoto, ili madini yaendelee kutoka. Delege wa kizamani angeuliza nani alikubali, kwa malipo gani, na kwa kifungu kipi. Wa kisasa anauliza kama chumba chake kina feni.

Hatua ya 7: Uzime moto usiouwasha

Sheria inaruhusu kugoma, ila mgogoro upite kwanza kwa inspekta kwa usuluhishi, kisha upatanishi. Ni njia ndefu. Wewe irefushe zaidi. Barua ikose muhuri. Muhuri ukipatikana, ikose tarehe. Inspekta naye mara nyingi hana gari, na gari la kumleta kukagua mgodi hutumwa na mgodi. Panda naye. Mwonyeshe maua.

Kuna siku watu watachoka kungoja na kuisimamisha kazi bila wewe. Usiogope, hapo ndipo thamani yako inapoonekana. Simu itaita alfajiri, na sauti ambayo haijawahi kukujibu salamu itakuita rafiki. Nenda langoni. Vua koti, kunja mikono ya shati, panda juu ya kitu chochote chenye urefu. Anza hivi: "Nina hasira kuliko ninyi!" Watashangilia. Halafu omba saa 72, kwa sababu umeshaongea na wakubwa na jambo limefika mahali pazuri. Usitaje mahali penyewe.

Ndani ya saa hizo 72 mambo mawili yatafanyika. Kwanza, njaa itawarudisha wengi. Pili, utaulizwa ofisini, kwa upole, juu ya kahawa, ni akina nani walioanza. Hapa uwe mwangalifu sana, maana ni jambo la dhamiri. Usiandike orodha kwa mkono wako, mwandiko unajulikana. Itikia kwa kichwa tu wanapokuonyesha picha za beji. Majuma mawili baadaye kontra za vijana wanne hazitaendelezwa, kwa sababu za kikazi, nawe utakuwa wa kwanza kuchanga pesa za nauli yao.

Hatua ya 8: Waheshimu mashujaa waliokufa

Tarehe 1 Mei utapewa fulana, kofia na kipaza sauti. Usiseme juu ya mishahara. Sema juu ya historia. Simulia Desemba 1941, wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière walipogoma kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wakidai nyongeza. Simulia tarehe 9 Desemba, walivyokusanyika kwenye uwanja wa mpira. Msemaji wao Léonard Mpoyo alivyosimama mbele ya Gavana Amour Maron, gavana akampiga risasi, na askari wakaufyatulia umati. Waliokufa ni makumi, na hesabu yao inabishaniwa mpaka leo. Hapo sauti yako itetemeke. Tazama chini kidogo, halafu omba dakika moja ya kimya. Dakika hiyo wote wananyamaza, na hakuna mkurugenzi aliyewahi kuikataa.

Usisogee mbele ya hapo. Usiseme kwamba Mpoyo hakuwa na kifungu cha kumlinda, wala inspekta, wala folda. Mtu mmoja kwenye umati akiliwaza hilo, atakugeukia wewe jukwaani, atakupima kwa macho kutoka kofia hadi viatu.

Usiwataje pia mababu wetu wa kweli, wewe na mimi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1946, serikali ya Wabelgiji iliruhusu mabaraza ya wafanyakazi Waafrika ndani ya kampuni. Yalikuwa ya kushauri tu. Mjumbe alikaa, alisema, aliandikwa, akarudi kazini, na kampuni ikafanya iliyotaka. Kisha mwaka 1967 Rais Mobutu akavikunja vyama vyote kuwa kimoja, UNTC, kikapiga makofi pamoja na serikali kwa zaidi ya miaka ishirini. Ule ulikuwa ustadi. Leo vyama ni vingi, Kongo imeridhia hata mkataba wa kimataifa wa uhuru wa kuunda vyama, mwaka 2001, na kila mtu anaweza kuchagua wa kumwakilisha. Uhuru huo usikutishe. Vyama vikiwa vingi, kila kimoja kinaweza kulaumu kingine.

Hatua ya 9: Wasindikize wanaoondoka kwa hiari

Itafika siku kampuni itataka kupunguza watu, na sheria inaitaka izungumze na wewe kwanza. Jifunze kwa wakubwa. Wazee wetu waliishi na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kama na mzazi: nyumba, hospitali, shule, unga. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika kitabu kilichotoka 2001 juu ya wana wa shaba walioachwa na baba yao. Miaka miwili baadaye baba alifungua mlango kabisa: kati ya 2003 na 2004 watu 10,655 waliondoka Gécamines, karibu nusu ya wafanyakazi wote, katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliolipiwa na Benki ya Dunia. Walikuwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara. Mtu aliyekaa hivyo huwa na hiari kubwa ajabu. Wengi wao walidai baadaye kwamba walipunjwa, na wakaendelea kudai kwa miaka, lakini saini zao zilikuwa pale, kwa wino wa bluu.

Hiyo ndiyo njia. Kampuni ikimwachisha mtu kazi bila kosa, inadaiwa notisi: siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka aliotumikia. Mtu wa miaka 10 ana siku 84, na siku 84 ni pesa. Lakini akiandika mwenyewe barua ya kuacha kazi, kampuni haidaiwi hata siku moja. Kwa hiyo nenda kwake nyumbani jioni, kama ndugu. Sifia watoto. Kula bukari na sombe, usikatae hata ukishiba. Kisha mweleze kwamba umesikia mambo si mazuri, ila ukamwombea, na wakubwa wamekubali aondoke kwa heshima. Barua unayo tayari mfukoni. Nenda na kalamu yako mwenyewe, maana nyumba nyingi hazina, na saa ya kutafuta kalamu ni saa ya mke kuuliza maswali.

Hatua ya 10: Mwogope mwenye daftari

Sasa la mwisho, na hili usicheke. Katika kila zamu kuna mtu mmoja asiyepiga kelele. Hashangilii langoni, haombi soda kwenye kikao. Ana daftari la shule, la kurasa 48, lenye jedwali la hesabu nyuma. Kila jioni anaandika: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la kapita, stika iliyokuwa kwenye kofia. Anaweza kuwa dereva wa lori kubwa, anaweza kuwa mama anayefagia ofisi yako na ambaye wewe umekuwa ukiongea simu mbele yake. Siku moja atakuja na ukurasa wenye mistari 22.

Hatua zote tisa zilizotangulia hazimwezi. Ukimwambia alete ushahidi, ameleta. Ukimwambia ni jambo la kisheria, atakuuliza kipengele kipi. Ukimtafsiria, anakijua Kifaransa. Ukimwambia si wa rangi yako, atasema hakuja peke yake, na utachungulia dirishani uone vizibao vya rangi zote vimesimama pamoja kwenye jua. Na mlango wa mahakama ya kazi hauangalii folda.

Usimgombeze, ugomvi humletea wasomaji. Mpe kwanza sifa. Zikishindwa, mpe nafasi kwenye orodha yako ya uchaguzi ujao, karibu na jina lako, pamoja na folda mpya. Wengi huishia hapo: daftari linaingia ndani ya folda, zipu inafungwa, na tumepata mwenzetu.

Akiikataa folda, akaomba badala yake aazimwe kwa siku moja ile nakala iliyoko kabatini ili akatoe fotokopi za zamu nzima, basi ujue muda wako umekwisha. Usibishane naye wala usingoje kura. Andika barua ya kujiuzulu kwa sababu za kiafya, agana na watu vizuri, chukua folda yako. Kampuni moja ya ukandarasi mjini inatafuta mkuu wa wafanyakazi, mtu anayejua sheria yote na anayeweza kuhesabu mpaka 21. Mwenye kampuni hatakuhoji sana. Ni shemeji yako.